Kiti cha Mjomba

Jina la kwenye cheti analo, lakini kazini hakuna anayelitumia. Wanamwita Shwari, na jina hilo hakuliokota barabarani. Ni mwongoza ndege, wa wale wanaokaa chumba cha rada, chumba kisicho na dirisha hata moja, wakazipanga ndege zinazokuja kutua zifuatane bila kusukumana. Mvua inyeshe, rubani apayuke, simu mbili zilie kwa mpigo, sauti ya Shwari ni ileile, kama mtu anayemsomea jirani bei za sokoni. Marubani wakiisikia tu, wanashusha pumzi. Naye anajua kwamba wanashusha pumzi, na jamani, anavyopenda!

Watu wa nje wakisikia kazi yake huuliza swali moja: kwa siku unaongoza ndege ngapi? Swali la bure kabisa. Ndege kumi zenye mwendo mmoja na njia moja unaweza kuzipanga huku unawaza chakula cha jioni. Lakini hebu pewa tatu tu: moja kubwa yenye haraka zake, mbele yake kindege cha mafunzo kinachojikokota na mwanafunzi anayetetemeka ndani, na ya tatu imekataa njia yake kwa sababu imeona wingu. Hapo ndipo utajua kichwa uliumbiwa cha nini. Kila mmoja anataka jibu, kila jibu linamgusa mwenzake, na ndege si gari, huwezi kuiambia ipaki pembeni ikusubiri. Yote hayo lazima uyabebe kichwani kwa pamoja, nani yuko wapi na dakika zijazo atakuwa wapi. Wenyewe huita picha. Ukiwa na picha, uko salama. Picha ikikutoka, unabaki unatazama vidoti kwenye kioo cha rada kama mgeni.

Nyumbani ndiko utakakomjua vizuri. Mumewe ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, na wana mabinti wawili wanaosoma. Asubuhi Shwari anaiendesha nyumba kama zamu: mmoja bafuni, mmoja mlangoni na taulo, na baba yao, wa tatu, abaki kitandani mpaka aitwe.

"Mama watoto," mumewe husema akiwa na kikombe mkononi, "naomba ruhusa ya kuikaribia birika."

"Subiri, una mtu mbele yako."

Wanacheka, siku inaanza. Ila jioni, we! Jioni ni mtu mwingine anayeingia. Anakaa kwenye kigoda cha jikoni, mkoba bado begani, macho ukutani. Ukimuuliza anataka chai au kahawa unamwonea, maana maswali yote ya siku hiyo ameshayajibu na akiba imekwisha. Funguo za mlango zimewahi kupatikana ndani ya kopo la sukari. Ndiyo maana mumewe aliweka sheria kwamba mama hatupiwi swali lolote mpaka avue viatu mwenyewe.

Kazini, kiti cha kushoto kwake kilikuwa cha Mjomba. Si mjomba wa mtu yeyote pale, ni mzee wa makamo mwenye kikohozi cha mazoea na fulana ya sufu, kwa sababu chumba kile ni baridi. Kazi yake ukiitazama kwa juu huioni. Anapokea simu za kituo jirani kabla hazijalia mara ya pili. Anavipanga vile vikaratasi vyenye majina ya ndege, hiki juu, hiki chini, na akiona mbele kuna kasheshe inapikika, anaweka kidole tu kwenye kioo, pale itakapotokea, halafu anakohoa. Hasemi neno. Shwari anageuza ndege moja kidogo, na ile kasheshe haitokei tena. Sasa jambo ambalo halikutokea, nani atamsifu mtu kwalo?

Akitoka zamu, Mjomba anakimbilia nyumbani kwa mama yake mzazi, ambaye miguu imemgomea. Anampikia, anamfulia, anampeleka kliniki ya jirani, na anagombezwa kwa yote matatu. Mama huyo akipiga simu wakati wa mapumziko, korido nzima inamsikia.

Basi, siku moja akaja Mtafiti. Msichana mpole, mwenye miwani na subira, amebeba visanduku vidogo vyenye vitufe vitano na taa. Akaeleza kwamba taa ikiwaka, kila mwongoza ndege abonyeze kuonyesha kichwa chake kimelemewa kiasi gani wakati huo: moja ni kazi nyepesi, tano ni nimezidiwa. Akaeleza pia vipimo hivyo vitatumika kwa ajili gani, lakini hapo hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Walikuwa wameshaanza kutazamana.

Maana hawa watu, Mungu awasamehe, ni watu wa kufa na tai shingoni. Katika chumba kile neno kuzidiwa husemwa kuhusu wagonjwa na walevi. Kuna mmoja aliwahi kulisema mchana, kwa nia njema, na bwana mmoja wanayemwita Kamanda akamtania mpaka alipohamia idara nyingine. Kwa hiyo kisanduku cha Mtafiti, badala ya kuwa kipimo, kikageuka mashindano. Kamanda alikuwa anabonyeza moja hata kabla taa haijawaka. Na Shwari je? Atakubali Kamanda amzidi kwa ushwari? Thubutu! Moja asubuhi, moja mchana. Siku ya radi, ndege zimejaa na redio inakwaruza, moja. Mjomba, pembeni yake, aliitazama ile taa, akakitazama kidole cha Shwari, akarudi kwenye vikaratasi vyake.

Mtafiti alipopeleka matokeo ya mwanzo, Mkuu wa kituo akawaita wote. Alikuwa anatabasamu.

"Hongereni sana," akasema. "Sikujua nina watu wa namna hii. Hasa meza ya Shwari. Kwa namba hizi, kichwa kimoja kinatosha pale. Tutafanya jaribio, na mambo yakienda vizuri, kiti cha pili tunakiondoa."

"Na Mjomba?" akauliza Shwari.

"Mjomba tutampeleka kile kiwanja kidogo cha mwisho wa barabara. Wanahitaji mtu."

Kiwanja kile kila mtu alikuwa anakijua. Huko ndege hutua ikijisikia, na mlinzi kutwa nzima anafukuza mbuzi. Kliniki hakuna. Shwari akamgeukia Mjomba, akitegemea atalipuka, atapiga meza, atasema ana mama mgonjwa.

"Sawa, Mkuu," akasema Mjomba, akakohoa, akatoka.

Kesho yake asubuhi kioo cha Shwari kilikuwa na ndege moja tu, ya mizigo, inakuja polepole kutoka mbali, anga nyeupe. Taa ikawaka. Shwari akabonyeza tano.

Mtafiti akasogea. "Dada, kisanduku kimeharibika?"

"Hakijaharibika."

"Lakini una ndege moja."

"Ni ndege ngumu."

"Ngumu vipi?"

Shwari akatafuta neno. "Ina tabia," akasema.

Mjomba akapatwa na kikohozi kirefu kuliko cha kawaida. Mtafiti akavuta kiti, akakaa. Hakucheka.

"Dada, nikipeleka tano hii, watasema unachezea chombo, na hata zile za kweli zitatupwa."

"Zile za kweli zipi?"

"Ndicho ninachokuuliza mimi," akasema yule binti.

Shwari akainamisha uso kwenye vikaratasi. Jibu alikuwa nalo. Lakini kulitoa pale, Kamanda yuko meza ya pili ametega sikio? Akamwambia yule wa mizigo ateremke.

Jioni hiyo alivua viatu haraka haraka ili aulizwe. Mumewe alikuwa anapiga pindo la sketi. Akasikiliza kisa chote, kisha akauliza, "Ile namba uliyokuwa unabonyeza siku zote ni ngapi?"

"Moja."

Mumewe akaacha cherehani, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Moja! Mwanamke niliyemuuliza juzi chai au kahawa akanijibu 'ndiyo', leo anasema moja!"

"Usinicheke, baba watoto. Ulitaka nijitangaze nimeshindwa?"

"Nani kataja kushindwa? Mimi kila shule zikifunguliwa nazidiwa na sare, namwita fundi mwenzangu tunashona wote. Kuna aliyekuja kuninyang'anya cherehani?"

"Nguo haianguki kutoka juu."

"Ndiyo hivyo sasa," akasema mumewe, na safari hii hakuwa anacheka. "Zingekuwa nguo, ningekwambia endelea kujidai."

Shwari alikasirika, akaenda kulala bila kumuaga.

Siku ya jaribio ikafika. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, kimesukumwa chini ya meza. Mjomba alikalishwa ukutani, ameambiwa asiguse kitu, mikono ameibana katikati ya magoti kama mtu aliyeingia ukweni. Mkuu alisimama nyuma, mikono mgongoni. Kamanda, ambaye hakuwa zamu, alisema amekuja kupunga upepo, kwenye chumba kisicho na dirisha. Mtafiti akakaa karibu na kisanduku chake.

Mwanzo mambo yalikuwa mteremko. Taa ikawaka, Shwari akajiuliza kwa mara ya kwanza ukweli wake ni ngapi, akabonyeza mbili. Kamanda akaguna. Shwari akajifanya hakusikia.

Kisha lile wingu. Lilikuwa limekaa mbali, halina neno na mtu, mara likajitanua na kukaa katikati ya njia ya kutua. Ndege kubwa ya kwanza ikaomba kupita kushoto. Kushoto kulikuwa na kindege cha mafunzo. Shwari akakiambia kigeuke, mwanafunzi akauliza kigeukie wapi, Shwari akarudia. Ndege ya pili ikasema ina abiria mgonjwa, inaomba itangulie. Hapo zilikuwa sita tu kwenye kioo, lakini hakuna mbili zilizokuwa zinataka kitu kimoja. Simu ya kituo jirani ikalia. Ikalia tena. Mkono wake wa kushoto ukanyooka wenyewe kumpa Mjomba nafasi, kama siku zote, ukakuta hewa. Akaibana simu begani: walikuwa wanamletea ndege nyingine, wanataka kujua waishushe mpaka kimo gani. Kikaratasi kimoja kikaanguka chini ya meza. Taa ya Mtafiti ikawaka, ikamemeteka weee, ikazimika, na hakuna kidole kilichokwenda kwenye kitufe chochote.

Sauti yake? Ileile!

"Unamsikia?" Mkuu akamnong'oneza Kamanda kwa furaha. "Kama anasoma gazeti."

Aliyesikia ni Mjomba. Kule ukutani aliinua kichwa, maana Shwari alikuwa amemwambia rubani "tafadhali" mara mbili, na Shwari huwa hana tafadhali akiwa kazini. Adabu ikianza kuzidi, ujue anatafuta muda wa kufikiri. Halafu akaiita ndege moja kwa namba ya nyingine. Rubani akamsahihisha, kwa upole tu. Katika miaka yake yote pale, hilo halijawahi kumtokea.

Shwari alikitazama kioo na kuona ile picha inaanza kumtoka, kuanzia pembeni, hajui tena yule wa saba anaingilia wapi. Bado ilikuwa salama. Na bado angeweza kumaliza, hili alilijua vizuri. Angekizungusha kile kindege, angewasimamisha wawili juu, angeuma meno, zote zingeshuka, na Kamanda angepiga makofi. Kesho Mjomba angemfungia mama yake mizigo, na keshokutwa wingu jingine lingemkuta Shwari peke yake.

"Mjomba," akasema bila kugeuka, na kwa sauti ambayo mpaka wa meza za mbali waliisikia. "Njoo. Nimezidiwa."

"Lakini jaribio bado..." Mkuu akaanza.

"Limekwisha, Mkuu."

Mjomba alikuwa ameshavuta kiti. Simu ikamtoka Shwari begani ikatua sikioni kwake. "Huyo wenu mshikilieni hukohuko juu, tutawaita," akasema, akaikata. Akaokota kile kikaratasi chini, akavipanga vyote upya, mgonjwa wa kwanza, kubwa wa pili. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, akakohoa. Shwari akaona. Picha yote ikarudi, safi, na tafadhali zikakoma. Zikatua moja baada ya nyingine, na mwanafunzi wa kile kindege akatua wa mwisho, akashukuru kwa maneno mengi kuliko yanayoruhusiwa.

Walipopokewa zamu, watu wakajikuta wote kwenye kijichumba cha chai, isipokuwa Mjomba. Mkuu alikuwa amekunja uso, si kwa hasira, kwa kutoelewa.

"Zilikuwa sita tu," akasema. "Wiki iliyopita ulikuwa na kumi na mbili ukabonyeza moja."

"Zile kumi na mbili zilikuwa zinafuatana, Mkuu. Hizi sita zilikuwa zinagombana."

"Na kwenye kisanduku hapa hakuna kitu. Si ndiyo sifuri hii? Hakuna kazi?"

"Mkuu," akasema Mtafiti, "mtu aliyekosa nafasi ya kunyoosha kidole kimoja hawezi kuwa hana kazi." Akamgeukia Shwari. "Dada, niandike ngapi?"

"Tano. Na uandike kwamba nimeitamka kwa mdomo wangu."

Kamanda alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Akakoroga, akakoroga. "Ile ya kwangu ya siku ya radi," akasema akiwa anakitazama kikombe, "unaweza kuirekebisha?"

"Iwe ngapi?"

"Nne." Akanywa funda moja. "Na nusu."

Watu wakaangua kicheko, na Kamanda mwenyewe akacheka, ingawa masikio yalikuwa yamemwiva. Mkuu akasugua kipara chake. "Haya," akasema, "kiti kinabaki, barua nitaiandika mwenyewe. Lakini sasa nimchukue nani nimpeleke kule? Maana Mjomba mwenyewe alikuja juzi kunisihi niharakishe uhamisho wake."

Shwari alidhani amesikia vibaya. "Alikusihi?"

"Alisema afadhali aondoke mapema."

Shwari alimkuta Mjomba koridoni, anavaa koti, anakimbilia kliniki na mama.

"Mjomba! Ulikwenda kuomba uhamishwe? Na mama yule, na miguu ile?"

Mjomba akahangaika na kifungo cha koti. "Mwanangu, nimekaa pembeni yako miaka. Siku ile ya radi nilitoka pale shati limelowa, mikono inanitetemeka, nikakuona unabonyeza moja. Nikajiambia, kumbe huyu binti mimi hanihitaji. Ananivumilia tu kwa sababu ya umri. Mtu mzima hasubiri kufukuzwa."

"Ilikuwa moja kwa sababu ulikuwepo!" Shwari akapiga kelele, yule yule ambaye marubani hawajawahi kumsikia akipandisha sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ulikuwa unaibeba nusu nzima, Mjomba, na mimi najipigia kifua. Usiende. Nakuomba, usiende."

Simu ya Mjomba ikaanza kuita mfukoni. Aliitoa, akaitazama, akampa Shwari.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi sitaweza."

"Uko wapi, daktari atafunga!" sauti ya mama ikajaa korido.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni mwenzake wa kazini. Hamhami tena. Mjomba anabaki."

"Marahaba. Nani kasema anabaki?"

"Mimi, Mama. Kazi ile siiwezi bila yeye."

Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, mama yule akanyamaza. Waliisikia redio yake inaongea peke yake nyumbani kule.

"Mwanangu siku hizi anakula mkate mkavu, amegeukia ukuta," akasema hatimaye, polepole. "Ananiambia amezeeka, hafai kitu. Wewe, maneno hayo ulikuwa nayo tangu lini?"

"Siku zote, Mama."

"Na kilichokuzuia kumwambia ni nini?"

Shwari akamtazama Mjomba. Alikuwa amesimama karibu kabisa, anasikia yote.

"Nilikuwa najidai, Mama," akasema Shwari.

"Haya," akasema mama. "Nipe mwanangu."